Siku Amiri Alipokataa Kumtoa Farasi

Mwalimu Mokhtaria Bendaha hakuwahi kufundisha habari za shujaa yeyote huku watoto wamekaa. Akishafika kwenye zile kurasa zenye picha za watu wa masharubu na majoho, hukifunika kitabu akasema, "Haya, simameni. Sogezeni madawati ukutani." Basi watoto wa shule ile ndogo ya uwanda wa Ghriss, kusini ya mji wa Mascara nchini Aljeria, wakajua kwamba raha ya mwaka imeanza, na ugomvi wa mwaka umeanza pia.

Ugomvi ulikuwa mmoja, kila mwaka ule ule. Huko Ghriss ukisema "shujaa" huna haja ya kutaja jina. Ni Amiri Abdelkader, mtoto wa ardhi ile, aliyepewa kiapo cha utii na makabila akiwa kijana, akapigana na Wafaransa miaka kumi na mitano. Kila nyumba ina Abdelkader wake. Mwaka ninaousimulia, darasani mwa Mokhtaria walikuwamo wanne, na ili wasiitike wote kwa pamoja aliwaita Kada, Kouider, Abdelkader Mrefu na Abdelkader wa Mwokaji. Wote wanne walitaka kuwa Amiri. Wengine wote, wasichana kwa wavulana, walitaka kuwa askari wake. Hakuna aliyetaka kuwa Mfaransa.

Mwaka ule ujenerali wa Kifaransa ulimwangukia Zoubir, mvulana mnene, mpole, mwenye sauti nzuri. Alilia mpaka kwao. Kesho yake mama yake akaja shuleni, mtandio umekaa upande.

"Lalla Mokhtaria, niambie ukweli. Mwanangu kakosa nini?"

"Hajakosa kitu."

"Basi kwa nini umemfanya Mfaransa? Babu yake alikaa msituni miaka mitano akipigana nao. Wallahi akisikia atafufuka."

"Akifufuka mlete, namhitaji mchezoni," Mokhtaria akamjibu. "Sikiliza, dada yangu. Mtoto mjinga hawezi kuwa jenerali. Jenerali anataka mtu anayesimama wima na kusema maneno yake bila kumeza. Nikimpa mwingine, Amiri atakuwa amepigana miaka kumi na mitano na bwege."

Mama yake Zoubir akafikiri, akatengeneza mtandio wake. "Hilo kweli," akasema. Siku ya tatu akaleta suruali ya buluu aliyoishona mwenyewe, ina mstari mwekundu pembeni, na koti la vifungo vya dhahabu kuanzia kifuani mpaka kitovuni.

Mokhtaria alikuwa na imani hiyo na kazi yake: akisema jambo, alilisema kama mtu anayeweka sahani mezani. Hakupandisha sauti. Watu waliomjua tangu utotoni walisema hakuzaliwa hivyo. Alikuwa msichana wa kujificha nyuma ya wenzake, mpaka alipofika darasa la Anisa Wadad.

Miaka ile baada ya uhuru walimu wa Kiarabu walikuwa haba, serikali ikawaleta kutoka Misri na Shamu. Anisa Wadad alitoka Damascus, mtaa wa Bab Touma, Mkristo mwenye msalaba mdogo shingoni, na mji mzima wa Mascara ulimtazama kwa mashaka kidogo. Siku moja kitabu kilifika kwa Amiri. Watoto wakasoma tarehe za vita, wakazikariri kwa sauti moja. Anisa Wadad akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mmemaliza?" akauliza. "Nyinyi shujaa wenu hammjui."

Mgeni kuwaambia watu wa Mascara hawamjui Amiri!

Ndipo akawasimulia. Kwamba Amiri aliposalimu amri aliahidiwa kupelekwa nchi ya Waislamu, ahadi ikavunjwa, akafungwa Ufaransa miaka mitano. Kwamba alipofunguliwa akaenda kuishi Damascus. Na kwamba mwaka mmoja makundi ya watu wenye silaha yaliingia mtaa wa Wakristo kuua na kuchoma, na Amiri akatoka na Waaljeria wake barabarani, akawachukua watu maelfu, akawafungulia nyumba yake, akasimama mlangoni.

"Bibi mzaa babu yangu alikuwa mtoto mdogo," Anisa Wadad akasema. "Alibebwa begani na mtu asiyemjua, anayesema Kiarabu cha ajabu kama chenu. Akalala katika ua wa Amiri."

Mokhtaria, mwenye umri wa miaka tisa, ambaye hakuwahi kunyosha mkono darasani, akaunyosha.

"Anisa, kwa hiyo Amiri angekufa vitani…"

"Nisingekuwepo hapa kukusahihishia herufi zako za hamza, ambazo ni mbaya sana," Anisa Wadad akasema, na darasa likacheka, na Mokhtaria akarudi nyumbani akiwa ameamua atakuwa nani.

Akawa mwalimu. Akaolewa na Djelloul, mtengeneza magodoro, mtu wa mzaha na kikohozi cha vumbi la sufu. Akafundisha hata katika ile miaka mibaya ya tisini, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati walimu walipokuwa wakiuawa njiani na watu wakikatazana mikusanyiko. Miaka hiyo mchezo wa Amiri haukuchezwa uani. Aliucheza darasani, mlango umefungwa, watoto wakitambaa chini ya madawati, makabila mazima yakila kiapo kwa kunong'ona. Watoto wa miaka hiyo, sasa watu wazima wenye vitambi, humwambia mpaka leo kwamba ndio uliokuwa mchezo mzuri kuliko yote.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Lakhdar, ambaye kufikia mwaka ule wa Zoubir alikuwa mwalimu mkuu wake. Alikuwa kijana mwangalifu, anayefunga tai hata siku za joto. Mwaka huo mchezo ulipangwa siku ya ukumbusho wa kile kiapo cha utii, mwishoni mwa Novemba, na Lakhdar alikuwa amealika meya na mkaguzi wa elimu. Wiki moja kabla, akamwita Mokhtaria ofisini, akamvutia kiti mwenyewe.

"Mwalimu, nimewaza. Hii ni siku ya kiapo. Watu wanakuja kumwona Amiri akipewa utii, wewe utawaonyesha ananyang'anywa farasi?"

"Hakunyang'anywa. Alimtoa mwenyewe, siku aliyosalimu amri."

"Ndiyo mbaya zaidi! Kwa nini tusiishie Macta? Macta tuliwapiga. Watu wanapiga makofi, tunakunywa chai, kila mtu anakwenda kwao anafurahi."

"Ukiishia Macta, watoto watauliza: kama tuliwapiga, mbona walikaa miaka mia na thelathini? Utawajibu nini?"

Lakhdar akaishika tai yake.

"Na wewe mwenyewe ulicheza mchezo huu," Mokhtaria akaendelea.

"Mwalimu, mimi nilikuwa miguu ya nyuma ya farasi. Sikuona kitu."

"Basi mwaka huu utaona," akasema, akainuka.

Kouider ndiye aliyepata uamiri. Alikuwa mjukuu wa Hadj Benchohra, mzee mwenye farasi wa kweli, wale wa kukimbizwa kwenye sherehe huku bunduki zikipigwa hewani. Kouider alikaa vizuri, alitazama vizuri, na joho la sufu la babu yake lilipokatwa na kupindwa lilimkaa kama lake. Kasoro ilikuwa moja. Kila walipofika mwisho, pale Amiri anapompa jenerali kamba ya farasi wake, Kouider alikaza meno.

"Lazima nimtoe?"

"Amiri alimtoa."

"Lakini mimi sipendi."

"Hata yeye hakupenda. Toa."

Akatoa, kwa mkono kama wa mtu anayetoa jino. Mokhtaria aliona, akadhani ni uigizaji mzuri. Hakujua kwamba nyumbani Hadj Benchohra alikuwa akimwambia mjukuu wake kila jioni, huku wakila, kwamba tangu ukoo wao uanze hakuna Benchohra aliyempa mtu farasi wake akiwa hai.

Siku ikafika, jua la baridi, anga safi. Djelloul alileta kwa gari la mkokoteni mablanketi yote ya dukani na ya nyumbani na ya majirani. Kwa mablanketi hayo watoto walisimamisha uani mji wa Amiri, ule mji wake wa mahema uliohamahama, duara ndani ya duara, vijiti vya mifagio vikiwa nguzo. Farasi alikuwa blanketi la kahawia lenye wavulana wawili ndani, kichwa cha boksi, manyoya ya sufu shingoni. Wazazi walikaa kwenye madawati. Meya alikaa mbele, mkaguzi kando yake, Hadj Benchohra katikati na fimbo yake.

Mambo yakaenda kama maji. Makabila yakala kiapo. Macta ikapiganwa, Wafaransa wakakimbia, mmoja akapoteza kiatu, meya akapiga makofi. Kisha vita vikageuka. Mji wa mahema ukavamiwa, mablanketi yakaanguka moja moja. Watoto wakayabeba mabegani, wakahama, wakatua, wakahama tena, wakizunguka ua mpaka mizunguko ikawachosha kweli. Wazazi waliacha kunong'ona. Mwisho wakabaki wachache wamekaa juu ya lundo la mablanketi, na Amiri mbele yao kashika kamba ya farasi.

Zoubir akajitokeza, vifungo vinametameta. Akasimama wima.

"Amiri," akasema kwa ile sauti yake nzuri, "vita vimekwisha. Nipe farasi wako."

Kouider hakusogea.

"Nipe farasi wako," Zoubir akarudia.

"Simtoi."

Zoubir akamsogelea, akanong'ona, ua mzima ukasikia: "Toa, bwana! Ndivyo ilivyo!"

"Simtoi! Njoo umchukue kama wewe mwanamume!"

Ua ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakasimama, Hadj Benchohra akagonga fimbo chini akipiga kelele, "Huyo ndiye! Damu hiyo!" Meya akacheka mpaka akashika tumbo. Lakhdar akaja mbio ukutani ukutani mpaka kwa Mokhtaria, uso unang'aa.

"Mwalimu, tufunge hapa! Hapa hapa! Mungu katuletea mwenyewe!"

Zoubir alikuwa amesimama peke yake katikati ya kelele hizo. "Mwalimu," akaita, "ananiharibia!" Kutoka chini ya blanketi la kahawia sauti ya miguu ya nyuma ikasema, "Tunaungua humu."

Mokhtaria akaingia uani. Hakukimbia. Alitembea kama anavyotembea kati ya madawati wakati wa mtihani, na kwa kuwa nusu ya wazazi waliokuwa wakipiga kelele walikuwa wanafunzi wake, kelele zilishuka zenyewe alipopita. Akasimama mbele ya Kouider.

"Ee Amiri," akasema. "Mimi sikulazimishi. Amiri Abdelkader hakulazimishwa na mwalimu. Lakini kabla hajaamua, aliwauliza watu wake. Wewe umewauliza wako?"

Kouider akageuka. Nyuma yake, juu ya lundo la mablanketi, walikaa watoto saba wanane, vumbi mpaka kwenye nyusi. Walikuwa wakimtazama. Hakuna aliyekuwa na neno la kusema, maana Mokhtaria hakuwapa neno katika mchezo. Walikuwa watu wa hema la mwisho tu.

"Nyinyi mnasemaje?" Kouider akauliza, na ubishi ulikuwa bado kooni.

Oumelkheir, binti wa Miloud mchunga kondoo, msichana ambaye kazi yake ilikuwa kujifunika shuka na kuwa bibi kizee, akasema:

"Mimi nina njaa."

Watu wakacheka. Oumelkheir akawageukia. "Mnacheka nini?" Na alikuwa amekasirika kweli, wala haikuwa tena ile sauti ya kutetemeka aliyofundishwa. "Mwanangu mmoja amekufa njiani. Wa pili ana homa. Kila tukiwasha moto, tunaambiwa hameni." Akamrudia Kouider. "Wewe una farasi, bwana Amiri. Mimi natembea. Ukitaka kufa, kufa, watakuimba. Lakini kwanza tuambie sisi twende wapi."

Hakuna aliyecheka sasa. Mokhtaria aliona neno moja lake lingeharibu. Akarudi nyuma hatua chache, akawaachia wenyewe.

Kouider alitazama kamba iliyokuwa mkononi mwake.

"Nikimtoa watawaacha?"

"Sijui," Oumelkheir akasema. "Muulize huyo."

Zoubir hakuwa na maneno ya sehemu hii. Akajifuta pua kwa mkono wa koti, akasimama wima. "Nawapa ahadi yangu. Hakuna atakayeguswa, na wewe utakwenda kwenye nchi unayotaka."

"Ahadi yako utaivunja! Mwalimu ametufundisha!"

"Mimi nitajuaje kama nitaivunja? Mimi ni jenerali tu!"

Kicheko kikapita, kidogo, kikakoma. Kouider akamgeukia farasi, akaweka paji lake la uso kwenye lile boksi, na wazazi waliokaa mbele wakaona kwamba analia na hataki waone. Kisha akanyosha mkono, akamtia Zoubir kamba kiganjani.

"Mpe maji kwanza," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Meya alikuwa ameinamia magoti yake. Mkaguzi wa elimu, mwanamke mkavu aliyekuja akitazama saa, alikuwa amesahau mkono wake mdomoni.

Mokhtaria hakuwaacha wakae hapo. Akapiga viganja, na watoto wakageuza mablanketi kuwa vichochoro vya Damascus. Katika mchezo wake ilikuwa kanuni kwamba waliokuwa Wafaransa ndio wanaokuwa wale wanaokimbia mauaji. Kwa hiyo Zoubir akavua koti lake la vifungo, akaja mbio uani akipiga mayowe, na Kouider akatoka mlangoni kwake, akamkamata mkono, akamfunika kwa joho.

"Ingia, ingia! Inamisha kichwa, bwege wee!"

Neno hilo halikuwemo katika mchezo. Lakini alilisema kwa namna ambayo hata mama yake Zoubir alicheka huku akifuta macho.

Baada ya chai na keki za asali, Hadj Benchohra akamwendea Mokhtaria, fimbo mbele.

"Umemfundisha mjukuu wangu kusalimu amri."

"Hadj, mjukuu wako amembishia jenerali, meya na mwalimu mkuu kwa mpigo. Huyo hakuna atakayemfundisha kusalimu amri."

Mzee akaguna. Akatazama kule watoto walipokuwa wakigombania keki.

"Na yule binti ni wa nani?"

"Wa Miloud, mchunga kondoo."

"Ulimi ule," Hadj Benchohra akasema, akatikisa kichwa. "Angekuwapo wakati ule, Wafaransa ndio wangesalimu amri."

Jumapili asubuhi, shule ilipofunguliwa baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, Lakhdar alimkuta Mokhtaria langoni akamwambia bila kumtazama usoni, "Nimeona, mwalimu." Yakaisha hapo.

Ila kijijini hayakuisha. Wiki nzima, kwa mwokaji, kwa kinyozi, msikitini wakati wa kuvaa viatu, watu walibishana: Amiri alifanya vizuri? Angengoja? Angengoja nini? Watoto waligawanyika uani kambi mbili, wa Kouider na wa Oumelkheir, wakarushiana maneno na maganda ya machungwa, na waliposhindana wakaja wenyewe kuomba kitabu, jambo ambalo Mokhtaria hakuwahi kuliona hata kabla ya mtihani. Djelloul, aliyekuwa akikung'uta mablanketi siku ya tatu na bado yanatoa vumbi, alimuuliza mkewe kwa nini anaimba jikoni.

"Naimba?"

"Tangu juzi. Na sauti huna."

Miaka imepita, Mokhtaria amestaafu. Kouider amekuwa mtu wa mabega, anaendesha lori la viazi kutoka Ghriss mpaka Oran, na kila Alhamisi wakikutana sokoni haachi kumwandama.

"Mwalimu, mimi bado nasema Amiri angeshuka Sahara."

"Na maji?"

"Visima vipo."

"Vya nani? Wenye visima walikuwa upande wake mwaka ule?"

Kouider akasukuma kofia nyuma. "Basi angerudi Moroko."

"Sultani wa Moroko ndiye aliyetoa jeshi kumpiga! Nilikufundisha nini mimi?"

Muuza mnanaa aliyekuwa kando, ambaye hakuwahi kusoma kwa Mokhtaria wala kwa mtu mwingine, akainua kichwa. "Na Waturuki je? Kwa nini hakuwaita Waturuki?"

"Swali zuri," Mokhtaria akasema, akaweka kikapu chini ili mikono ibaki huru. "Njoo karibu, mwanangu. Kouider, msogezee kile kigoda akae."

Na Kouider, lori lake likiwa limeziba njia na watu wakimpigia honi, akakisogeza.